Je, "sitini na moja" inarudi? Jibu kwa mwalimu wa Wete

*Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasomesha historia katika skuli ya sekondari hapa Wete. Kila uchaguzi unapokaribia, babu yangu, ambaye alikuwa kijana katika zama za siasa, yaani miaka ya vyama kabla ya Mapinduzi, husema kwamba "hii ni sitini na moja inarudi," akimaanisha fujo za uchaguzi za 1961. Vijana wa mtaani humjibu kuwa si sitini na moja, ni 2001. Wanafunzi wangu nao husoma mitandaoni kwamba Zanzibar itakuwa kama nchi hii au ile, kisha wananiuliza mimi nani yuko sahihi. Je, historia inaweza kweli kutufahamisha siasa za sasa, au tunajidanganya tunapolinganisha?*

Marahaba, mwanangu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu swali lako nililipeleka kwanza barazani kwetu, na huko likazua mabishano yaliyodumu mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake na kutuacha. Mzee mmoja, mwenye umri unaokaribiana na wa babu yako, aliyafunga mabishano kwa kusema: "Mimi sihitaji kitabu, nilikuwepo." Nitairudia kauli hiyo baadaye, kwa sababu naona ina uzito kuliko alivyokusudia mwenyewe.

Msimamo wangu ni kwamba babu yako na vijana wa mtaani wote wameuliza swali, lakini wanalitamka kama kwamba ni jibu. Anayesema "hii ni sitini na moja" anadai kuwa kilichosababisha mambo yale kipo tena leo, na kwamba kitafanya kazi ileile. Dai la namna hiyo halithibitiki kwa kufanana kwa sura ya mambo; linathibitika kwa kuchunguza sababu zenyewe moja baada ya moja. Kwa hiyo tuichunguze sitini na moja yenyewe, maana wengi wanaoitaja hawajaitazama kwa karibu.

Kwanza, mwaka ule ulikuwa na uchaguzi mara mbili. Katika uchaguzi wa Januari 1961 viti vilikuwa 22: chama cha Afro-Shirazi kilipata 10, Hizbu (yaani chama cha ZNP) 9 na chama kidogo cha ZPPP 3. Waliochaguliwa wa ZPPP waligawanyika, wawili wakaenda kwa Hizbu na mmoja kwa Afro, na hesabu ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuweza kuundwa, ikabidi kiongezwe kiti kimoja na watu wapige kura upya tarehe 1 Juni. Safari hii Afro na Hizbu walipata 10 kila mmoja na ZPPP ikabaki na 3, lakini ZPPP ilikuwa imekwisha kufungamana na Hizbu, kwa hiyo muungano wao ukawa na viti 13 na Mohamed Shamte akawa Waziri Kiongozi. Ni siku ya kura hiyo ya Juni ndipo fujo zilipoanza, katika vituo vya mjini, kwa tuhuma za watu kupiga kura zaidi ya mara moja, kisha zikaenea mashamba. Watu 68 walikufa, wengi wao wakiwa Waarabu.

Sasa angalia walikofia. Hawakufa Pemba. Idadi kubwa sana ya vifo ilitokea katika mashamba ya Unguja, na hilo halikuwa jambo la bahati. Unguja ilikuwa na watu wengi waliokuwa wakiishi na kulima katika mashamba ya mikarafuu na minazi yasiyokuwa yao, kwa ruhusa ya mwenye shamba, wakipanda muhogo na viazi chini ya miti yake. Baada ya uchaguzi wa 1957 mpangilio huo wa zamani uligeuka kuwa wa kisiasa: wenye mashamba wakawafukuza waliokuwa upande mwengine, na upande huo mwengine nao ukasusia maduka. Kufikia 1961 kura na makaazi vilikuwa vimekuwa kitu kimoja, kwa maana ya kwamba chama kikishindwa, mtu angeweza kupoteza paa lililokuwa juu ya kichwa chake. Pemba hali ilikuwa nyengine, kwa kuwa Wapemba wengi walimiliki mikarafuu yao wenyewe, ingawa michache, na uhusiano wa watu na ardhi haukuwa na ncha kali kama ule wa Unguja.

Mahusiano hayo ya ardhi hayapo tena. Yaliondoka na Mapinduzi ya 1964 na ugawaji wa ekari tatu tatu uliofuata. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya ugawaji ule, na hata mimi ninayo, lakini huwezi kudai kuwa mkulima wa Unguja leo anafukuzwa shambani na mwenye shamba wa Hizbu. Ikiwa hiyo ndiyo kuni iliyowaka Juni 1961, basi anayesema sitini na moja inarudi ana wajibu wa kutuonesha kuni mpya iko wapi.

Jambo la pili ni namna kura zilivyohesabiwa na nani aliyekuwa mwamuzi. Mwaka 1961 hakukuwa na rais wa kuchaguliwa. Serikali ilikuwa ya mwenye viti vingi, na juu ya vyama vyote alikaa Balozi Mkaazi wa Kiingereza, ambaye angeweza kutangaza hali ya hatari na kuleta askari kutoka bara, na akafanya hivyo. Mfumo huo wa viti ndio uliozaa matokeo ya Julai 1963, ambapo Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa sababu ilishinda kwa wingi mkubwa katika majimbo yake ya Unguja na ikashindwa kwa kura chache katika majimbo mengi ya Pemba. Leo Rais wa Zanzibar huchaguliwa kwa kura za visiwa vyote kwa pamoja. Kitendawili kile cha 1963 kinaweza kutokea katika Baraza la Wawakilishi, lakini katika urais hakiwezi kutokea, hata wote tukitaka kitokee.

Kilichobaki ni kimoja tu ambacho kweli kinafanana, nacho ni wembamba wa tofauti. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha CUF. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alipata 50.1 dhidi ya 49.1. Ukiziweka hesabu hizo pembeni ya 11 kwa 11 za Januari 1961, unafahamu kwa nini mzee anashtuka. Lakini wembamba huo nao si sheria ya maumbile, kwani mwaka 2020 matokeo yaliyotangazwa yalikuwa asilimia 76 kwa Dk. Hussein Mwinyi na chini ya 20 kwa Maalim Seif. Unaweza kubishana juu ya uhalali wa hesabu hiyo, na watu wamebishana, lakini hayo ni mabishano ya aina nyengine kabisa na yale ya vyama viwili vilivyofungana. Huwezi kuyafahamu kwa kufungua jalada la 1961.

Tuwasikilize na vijana wanaosema ni 2001. Wao wako karibu zaidi kwa miaka, na kwa watu wa Wete wako karibu hata kwa mahali. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 wafuasi wa CUF waliandamana kudai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe, na askari wakawapiga risasi. Tume iliyoundwa na serikali chini ya Hashim Mbita ilitaja vifo 31; Human Rights Watch ilisema havipungui 35. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Haya hayafanani na sitini na moja hata kidogo, ijapokuwa tunayaweka yote katika kapu moja la "fujo za uchaguzi". Mwaka 1961 jirani alimgeukia jirani, na dola, pamoja na kwamba ilikuwa ya kikoloni, ilikuja kuwatenganisha. Mwaka 2001 dola ndiyo iliyoshika bunduki, na majirani wa Pemba walikuwa wakifichana majumbani. Mwaka 1961 damu ilimwagika siku ya kura na siku zilizofuatia. Mwaka 2001 ilikuwa miezi mitatu baadaye, katika maandamano. Kwa hiyo mtu akikwambia "itakuwa 2001", muulize: unaogopa jirani yako, au unaogopa amri itakayotolewa? Majibu ya maswali hayo mawili yanataka tahadhari mbili tofauti, na anayeyachanganya atajikinga asikopigwa.

Hapa yanipasa nikiri kosa langu mwenyewe, kwa sababu sitaki uone kuwa naandika kama niliyekuwa salama. Mwisho wa mwaka 2009, baada ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif kukutana tarehe 5 Novemba, nilisimama mbele ya darasa la kidato cha sita nikaandika ubaoni tarehe mbili: 9 Juni 1999 na 10 Oktoba 2001. Hizo ni tarehe za Muafaka wa kwanza na wa pili baina ya CCM na CUF. Nikawaambia wanafunzi kwamba tumekwisha kuona watu wakipeana mikono mara mbili, na mara zote mbili yaliyoandikwa hayakutekelezwa yakatimia. Kwa hiyo hii ni ya tatu, na itakwenda zilikokwenda mbili zile. Nilipigia mstari chini ya tarehe hizo kwa chaki nyekundu, nakumbuka vizuri, kwa kuwa nilikuwa nimejiridhia sana.

Miezi michache baadaye nilikuwa nimesimama katika foleni ya kura ya maoni, tarehe 31 Julai 2010, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa, ukaanzishwa umakamu wa kwanza wa rais wa chama kilichoshika nafasi ya pili, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona tangu vyama vingi virudi mwaka 1992. Kosa langu lilikuwa kulinganisha watu kupeana mikono na kusahau karatasi waliyotia saini. Muafaka wa 1999 na wa 2001 yalikuwa makubaliano ya vyama viwili, na chama kikiamua kutoyatimiza hapakuwa na chombo cha kukilazimisha. Maridhiano ya 2010 yaliingizwa ndani ya Katiba baada ya wananchi wenyewe kuulizwa.

Lakini kadhia haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo inayonifundisha zaidi. Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, alitangaza kufutwa kwa uchaguzi wa siku tatu kabla yake. Uchaguzi wa marudio ukafanyika tarehe 20 Machi 2016, CUF ikasusia, Dk. Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4, na kwa kuwa hakuna chama cha upinzani kilichofikia asilimia 10 inayotakiwa na Katiba, kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu. Wanafunzi wangu wa zamani walinipigia simu: "Mwalimu, ulisema kweli." Nikawajibu kuwa sikusema kweli, nilibahatisha. Mimi nilitabiri kuwa yaliyokubaliwa hayatatekelezwa. Yalitekelezwa kwa miaka mitano, kisha yakakwama kwa njia ambayo haikuwamo katika Muafaka wa kwanza wala wa pili, yaani kwa kufutwa uchaguzi na kwa sharti la asilimia lililokuwa ndani ya Katiba hiyohiyo iliyokusudiwa kuyalinda. Na baada ya uchaguzi wa 2020, ACT-Wazalendo, chama alichohamia Maalim Seif kutoka CUF, ikaingia serikalini na Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza hadi alipofariki Februari 2021, jambo ambalo tarehe zangu za chaki nyekundu zisingeweza kulitabiri. Ulinganisho unaopatia kwa sababu zisizokuwa zake ni wa hatari kuliko unaokosea waziwazi, maana huu wa pili watu huutupa, lakini ule wa kwanza huwapa kiburi.

Sasa nirudi kwa mzee wa barazani na kauli yake ya "nilikuwepo". Tunadhani kuwa aliyeshuhudia tukio ndiye anayeweza zaidi kulitambua likirudi. Mimi nina shaka na hilo, na mfano ninaoutumia darasani ni wa Anthony Eden wa Uingereza. Eden alijiuzulu uwaziri wa mambo ya nje mwezi Februari 1938 kwa kupinga namna serikali yake ilivyokuwa ikimbembeleza Mussolini. Aliona kwa macho yake gharama ya kuwaridhisha madikteta wa Ulaya. Miaka 18 baadaye, akiwa Waziri Mkuu, Gamal Abdel Nasser alitaifisha Mfereji wa Suez, na Eden akamwona Mussolini mpya, hata Hitler, ambaye asipozuiwa mapema hatazuilika. Akashirikiana kwa siri na Ufaransa na Israel kuivamia Misri. Lakini Nasser hakuwa na jeshi la kuivamia Ulaya, na dunia ya 1956 ilikuwa na Marekani ambayo iliibana sarafu ya Uingereza mpaka vita vikasimama ndani ya wiki moja. Eden aliondoka madarakani Januari 1957. Hakuwa mjinga wala hakuwa mgeni wa historia. Ushuhuda wake ndio uliomfunga macho, kwa kuwa jambo lililomuumiza mtu ujanani huwa haliwi tena mfano mmoja katika mingi, bali huwa kipimo cha kila kitu. Wahenga walisema aliyetafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawakusema kwamba ung'ongo ni nyoka.

Sisi wenyewe tumewahi kuwa ung'ongo wa watu wengine. Mapinduzi yalipotokea usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, Wamarekani na waandishi wengi wa magazeti ya Magharibi walikuwa na neno tayari: Cuba. Kulikuwa na vijana waliofunzwa Havana, waliofuga ndevu, waliosema "Venceremos", na Abdulrahman Babu alikuwa anajulikana kwa msimamo wake wa mrengo wa kushoto. Kwa mtu aliyetazama kwa mbali, picha ilikuwa imekamilika. Lakini Fidel Castro alipigana msituni na milimani zaidi ya miaka miwili kabla ya kuingia Havana, ilhali silaha za hapa zilitekwa katika ghala za polisi za Ziwani na Mtoni na serikali ikaanguka kwa saa chache. Waliobeba kazi ile walikuwa hasa vijana wa Afro-Shirazi pamoja na John Okello, ambaye hakuwa na habari ya Karl Marx, na Babu mwenyewe usiku ule alikuwa Dar es Salaam. Aliyeshika nchi ni Sheikh Abeid Amani Karume, ambaye huwezi kumfahamu kwa kumsoma Castro.

Ubaya wa ulinganisho ule haukuwa tu kwamba ulikosea. Marekani na Uingereza zilichelewesha kuitambua serikali mpya mpaka mwisho wa Februari, zikiogopa Cuba ya Afrika, na katika wiki hizo Ujerumani Mashariki, China na Urusi zilikuwa zimekwisha kufika na kukaa. Mwezi Aprili kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya angani pale Tunguu kikafungwa. Siwezi kusema kuwa bila hofu ya Cuba Zanzibar isingeegemea Mashariki, kwani palikuwapo na sababu za ndani pia. Nasema kwamba walioogopa Cuba walisaidia kuitengeneza ile waliyoiogopa. Ukipita Kikwajuni ukaziona nyumba za maendeleo zilizojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, ujue kuwa sehemu ya zege ile imechanganywa na ulinganisho mbovu uliofanywa katika ofisi za mbali.

Kuhusu nchi ambazo wanafunzi wako wanazisoma mitandaoni, sitakaa sana. Anayetaka Muungano uvunjike atakutajia Singapore, iliyoingia Malaysia 1963 na kutoka 1965 ikatajirika. Hatakutajia kuwa Singapore haikuomba kutoka, iliondolewa. Anayetaka Muungano ubaki kama ulivyo atakutajia Misri na Syria, walioungana 1958 na kutengana 1961, au Senegal na Gambia, kuanzia 1982 hadi 1989, ili akuoneshe kuwa wa kwetu wa tangu 1964 ni wa pekee kwa kudumu. Wote wawili wamechagua jibu kwanza, kisha wakaingia sokoni kutafuta nchi inayolingana nalo.

Hilo linanileta kwenye jaribio ambalo ningependa ulifanye na darasa lako. Maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwanahistoria Ernest May na mtaalamu wa siasa Richard Neustadt, waliokuwa wakiwafundisha watumishi wa serikali namna ya kuitumia historia, waliwashauri kuchora safu mbili kila wanapoona tukio la zamani linawajia akilini: upande mmoja yanayofanana, upande wa pili yanayotofautiana. Ni jambo dogo mno, hata linachekesha, lakini nimelifanya kwa miaka mingi na sijawahi kuona darasa lililoishia pale lilipoanzia. Mimi huongeza safu ya tatu, ambayo ni yangu: nani aliyeuchagua mwaka huu, na kwa nini hakuchagua mwengine? Utaona kuwa watu wa chama tawala hupenda kutaja 1961 na 1963, kwa kuwa miaka hiyo inaeleza kwa nini Mapinduzi yalikuwa lazima kwa mtazamo wao. Na watu wa upinzani hupenda kutaja 1995, 2000 na 2015, kwa kuwa miaka hiyo inaeleza kwa nini hawaiamini Tume. Mwaka hapo umekwisha kuacha kuwa tarehe na umekuwa bendera, na bendera haiulizwi kama ni kweli au uongo, huulizwa ni ya nani.

Lakini nisikufanye uone kuwa namtupa babu yako. Yapo mambo mawili ambayo watu huyachanganya: mfanano na mnyororo. Mfanano ni kusema tukio la leo limekaa kama la jana. Mnyororo ni kusema la leo limetokana na la jana, pete kwa pete. CUF ilipochukua majimbo yote 21 ya Pemba mwaka 1995, hilo halikuwa kwa sababu 1995 ilifanana na 1961. Ni kwa sababu baina ya miaka hiyo yalipita mambo yanayoweza kufuatiliwa: kura za ZPPP na Hizbu za kisiwani, yaliyowapata Wapemba baada ya Mapinduzi, njaa na upungufu wa chakula wa miaka ya mwanzoni mwa sabini, bei ya karafuu aliyoipanga mnunuzi mmoja tu ambaye ni serikali. Hapo historia inafanya kazi yake halisi, na haihitaji neno "kama".

Na kumbukumbu yenyewe ni pete mojawapo ya mnyororo huo. Wiki mbili kabla ya uchaguzi nenda kwa muuza duka wako uangalie magunia ya mchele na madumu ya mafuta yanavyoondoka, uangalie bandarini kina mama wanaowapeleka watoto kwa jamaa zao Tanga au Dar es Salaam mpaka mambo yapoe. Wengi wa wanaofanya hivyo hawakuzaliwa 1961, na wengine hata 2001 walikuwa wachanga. Wanafanya kwa sababu kuna babu nyumbani aliyesema. Kwa hiyo "sitini na moja" inaweza kuwa haina nguvu ya kutabiri yatakayotokea Oktoba, na bado ikawa ndiyo iliyomaliza mchele dukani. Mtafiti wa siasa za leo asiyeiandika hofu hiyo katika daftari lake, kwa hoja kwamba ulinganisho wenyewe si sahihi, atakuwa amekosa sababu moja kubwa ya mambo anayoyaona.

Wanafunzi wako wakikuuliza tena nani yuko sahihi, usimchague babu wala vijana. Wapeleke wanafunzi wawili watatu kwa babu wakiwa na daftari, wasianze kwa kumuuliza kama sitini na moja inarudi, maana hilo amekwisha kulijibu mara nyingi na jibu limekuwa laini kama kete ya bao. Wamuulize alikuwa wapi asubuhi ya tarehe 1 Juni, nani aliyemletea habari za Unguja na kwa chombo gani, siku ngapi baadaye, na nini alichokiona mwenyewe Wete na nini alichosimuliwa. Wamuulize pia kuhusu Januari ya mwaka huohuo, uchaguzi ambao takriban kila mtu ameusahau, kwa sababu jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na Afro-Shirazi kwa tofauti ya kura 1, na ile 11 kwa 11 isingekuwapo lau watu wawili tu wa upande wa pili wasingebaki nyumbani siku ile. Kama babu anawajua watu hao au anajua kilichowazuia, niandikie haraka, kwa sababu mimi nimewatafuta sana.